Picha Inayoganda Kila Dakika Nne na Nusu: Kisa cha Kebo ya Mtaa, Kigoma

Kisa hiki kinaihusu kampuni ndogo ya kebo mjini Kigoma. Mwenyewe, ambaye humu nitamwita Mzee kama wanavyomwita vijana wake, amekubali kiandikwe mradi jina lake, la kampuni na la muuzaji wa chaneli yasitajwe. Anwani za mtandao nimezibadilisha. Mimi niliitwa wiki ya tatu ya picha kuganda, wakati kila mtu alishamlaumu kila mtu. Kwa hiyo sehemu ya mwanzo naieleza kama alivyonisimulia fundi wao, na kama nilivyoikuta kwenye kumbukumbu za mitambo.

Usuli

Kampuni inahudumia nyumba, saluni, migahawa na gesti kadhaa, kuanzia Mwanga hadi barabara ya Ujiji. Chaneli nyingi inazinasa kwa madishi yaliyo juu ya paa. Nyingine zinakuja kwa IP, yaani kama data ya mtandao, kutoka Dar es Salaam, kwa laini ya faiba iliyokodiwa. Dar na Kigoma zimeachana kwa zaidi ya kilomita 1,200 ukifuata reli, na pakiti, yaani kipande kidogo cha data, inapita mikono mingi kabla ya kumfikia mtazamaji.

Njia yenyewe iko hivi. Muuzaji aliye Dar anatuma kila chaneli kwa SRT, itifaki (utaratibu wa kutumiana data) iliyobuniwa na Haivision na kufunguliwa kwa watu wote mwaka 2017. SRT hupita juu ya UDP, njia ya kutuma pakiti bila kuhakikisha zimefika, lakini ina tabia ya kuomba upya pakiti iliyopotea. Kigoma kuna seva ya kupokea. Seva inaufungua mkondo wa SRT, kisha inautoa kwenye mtandao wa ndani kwa multikasti, yaani mkondo mmoja kwa kundi la wapokeaji wanaouomba, kila chaneli na anwani yake ya kundi inayoanza na 239. Modyuleta zinajiunga na makundi hayo, zinageuza picha kuwa masafa ya kebo, na kutoka hapo ni waya mpaka sebuleni kwa mteja.

Chumba cha mitambo kiko nyuma ya ofisi ya malipo, na mwanzoni vyumba vyote viwili vilitumia swichi moja (kifaa cha kuunganisha vifaa vya mtandao kwa waya) ya bei rahisi, isiyo na mipangilio yoyote. Swichi ya aina hiyo haielewi multikasti. Kila pakiti ya video inamwagwa kwenye kila tundu, anayeitaka na asiyeitaka. Chaneli zilipokuwa tano hakuna aliyehisi kitu. Zilipofika kumi na mbili, za takriban megabiti 4 kila moja, megabiti 48 kwa sekunde zilikuwa zinaingia hata kwenye kompyuta ya dada wa kaunta na kwenye kisambaza Wi-Fi. Kisambaza kikazidiwa. Mteja anakuja kulipa, dada anahangaika dakika tano kuthibitisha malipo ya simu, foleni inafika nje.

Mzee akanunua swichi ya maana, yenye uwezo wa kupeleka kila kundi kwa aliyeliomba tu. Uamuzi ule ulikuwa sahihi, na nausema mapema kwa sababu baadaye wengi walitaka kuugeuza kuwa kosa.

Wiki mbili za kutafuta mchawi

Swichi mpya ilifungwa Jumamosi mchana. Siku hiyohiyo muuzaji wa Dar aliongeza chaneli nne, zikawa kumi na sita. Jioni simu zikaanza: picha inaganda, inakaa kidogo, inarudi yenyewe.

Mambo mawili yalibadilika siku moja, na fundi akalishika lile lililokuwa mbali naye. Chaneli nne mpya, akasema, zimeizidi laini. Hesabu haikumuunga mkono, kwa kuwa chaneli 16 kwa megabiti 4 ni megabiti 64, na laini ilikuwa ya megabiti 100. Hata hivyo akampigia mwenye laini. Mwenye laini akapima kwake, akaona safi. Muuzaji wa chaneli naye akapima kwake, safi. Fundi wa faiba akatumwa, akasafisha viunganishi, akabadilisha kifaa kimoja cha mwanga, akaondoka. Usiku ule picha ikaganda kama kawaida.

Kampuni ilikuwa na kitu walichokiita ufuatiliaji: ukurasa wenye taa kumi na sita. Taa ilikuwa kijani kama programu ya kupokea chaneli hiyo inaendelea kufanya kazi kwenye seva. Wiki zote mbili taa zilikuwa kijani. Ni sawa na kumuuliza mtu kama mkewe yupo nyumbani, akajibu kuwa mlango upo.

Katikati ya haya fundi alijaribu jambo moja la busara. Aliongeza bafa (nafasi ya kusubirishia pakiti) ya kupokelea UDP kwenye seva, ambayo kwa mifumo mingi ya Linuksi huanza na ukomo wa baiti 212,992, kiasi kidogo kwa mikondo kumi na sita. Kihesabu cha pakiti zilizomwagika kwa bafa kujaa kikasimama. Ugonjwa huo ulikuwa wa kweli, lakini mdogo, na haukuwa huu. Aliposhangilia saa nzima halafu simu zikarudi, alikata tamaa zaidi ya mwanzo.

Kalenda ya kinyozi

Nilipofika, jambo la kwanza nililoomba ni malalamiko yenyewe, si kumbukumbu za seva. Dada wa kaunta akanitolea karatasi kutoka droo. Ilikuwa nyuma ya jani la kalenda ya mwaka uliopita. Kinyozi mmoja wa Mwanga aliileta siku alipokuja kulipia. Kwa kalamu ya bluu alikuwa ameandika chaneli moja na nyakati zake: 1:02, 1:06, 1:11, 1:15, 1:20. Chini yake chaneli nyingine: 1:04, 1:08, 1:13, 1:17.

Dada alisema kinyozi alimwambia, “Dada, mimi sijui mitambo, ila hiki kitu kina saa yake.”

Karatasi ilikaa kwenye droo siku sita. Fundi aliiona, akatafuta saa hizo kwenye kumbukumbu za modyuleta, asikute kitu, akadhani kinyozi anabahatisha. Kumbe alitafuta 19:02. Modyuleta zile zinaandika kwa saa ya dunia (UTC), ambayo iko nyuma ya yetu kwa saa tatu. Saa 1:02 usiku ya kinyozi ni 19:02 ya ukutani, na kwenye modyuleta ni 16:02. Nilipofungua mstari wa 16:02 nilikuta modyuleta imeandika kuwa haina mkondo, na muda mfupi baadaye kuwa mkondo umerudi. Chini yake, dakika nne na nusu mbele, hivyohivyo.

Karatasi ile ilinipa vitu viwili kabla sijagusa waya. Kwanza, mwanya unajirudia kwa kipimo kimoja. Msongamano wa laini hauna nidhamu hiyo. Unakuja na watu na kuondoka na watu. Pili, chaneli mbili ziliganda kwa zamu, si pamoja. Kama faiba ingekuwa inakatika, zingeanguka zote kumi na sita kwa mpigo.

Kwa nini dakika nne na nusu

Nilipima sehemu tatu. Kwenye seva, mahali SRT inapofunguliwa, picha ilikuwa safi na vihesabu havikuonyesha upotevu. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, na saa hiyo nitairudia. Kwenye tundu la swichi linaloelekea modyuleta nilichomeka kompyuta yangu, nikafungua chaneli moja kwa VLC, programu ya kuchezea video, na kuanzisha saa ya simu. Picha ikacheza vizuri. Dakika nne, sekunde ishirini na tatu, ikaganda, na haikurudi tena mpaka nilipofunga na kufungua upya. Fundi alikuwa amesimama nyuma yangu. Alisema neno moja tu, ambalo sitaliandika.

Kwa asiyezoea multikasti, jambo liko hivi. Kifaa kinachotaka chaneli hutuma ombi la kujiunga kwa itifaki ya IGMP. Swichi yenye akili inalisikiliza ombi hilo na kufungua tundu la kifaa hicho kwa kundi hilo tu. Lakini haiweki ruhusa ya milele. Inategemea kuwepo mwulizaji kwenye mtandao, anayepita kila baada ya muda, kwa kawaida sekunde 125, akiuliza: nani bado anatazama? Vifaa vinajibu, ruhusa inaongezwa. Mfikirie balozi wa nyumba kumi anayepita kuhakiki wakazi. Asipopita hakuna anayejiandikisha upya, maana hakuna aliyeulizwa. Daftari linafika ukomo, na swichi inaona nyumba ni tupu.

Ukomo wenyewe ni mara mbili ya sekunde 125, ukijumlisha sekunde 10 za kusubiri majibu: sekunde 260, yaani dakika nne na sekunde ishirini. Modyuleta ikikosa mkondo inavumilia sekunde kumi, kisha inajitoa na kujiunga upya. Jumla ni sekunde 270. Dakika nne na nusu za kinyozi hizo hapo.

Mwulizaji kwa kawaida ni ruta, kifaa kinachounganisha mtandao mmoja na mwingine. Mtandao wa video wa kampuni haukuwa na ruta, wala swichi ya zamani haikuhitaji mwulizaji kwa sababu ilikuwa inamwaga kila kitu kila mahali. Swichi mpya ilitoka kiwandani ikiwa imewashiwa usikilizaji wa IGMP, lakini kazi ya kuuliza ikiwa imezimwa. Nikaacha tcpdump, programu ya kunasa pakiti zinazopita, ikinasa IGMP kwa dakika kumi. Yalionekana maombi ya modyuleta tu, kila moja likija baada ya picha kuganda. Swali hata moja halikuonekana.

Maamuzi na sababu zake

Ilikuwa karibu saa moja usiku na siku hiyo kulikuwa na mechi. Kulikuwa na njia mbili. Ya haraka ilikuwa kuzima usikilizaji wa IGMP, swichi mpya ijifanye ya zamani. Ya sawasawa ilikuwa kuwasha mwulizaji ndani ya swichi. Tulichagua ya haraka kwanza, kwa sababu nisingependa kujaribu mipangilio nisiyoijua huku vibanda vya mpira vikiwa vimejaa. Picha zilitulia hapohapo. Wi-Fi ya ofisi ikafa hapohapo pia, lakini kaunta ilikuwa imefungwa.

Kesho yake asubuhi tukatenganisha video na ofisi kwa VLAN mbili, yaani mitandao miwili iliyotengwa ndani ya swichi moja, tukarudisha usikilizaji, tukawasha mwulizaji. Nikaanzisha saa ya simu nikiwa na uhakika wote. Dakika nne na sekunde ishirini na kitu, ikaganda.

Nusu saa iliyofuata haikuwa nzuri kwangu. Mwulizaji alionekana amewashwa, lakini kwenye waya hakukuwa na swali. Hatimaye niliona kosa: VLAN ya video haikuwa na anwani ya IP upande wa swichi, na swichi ile haianzi kuuliza mpaka iwe na anwani ya kuulizia. Nikaiwekea anwani. Tcpdump ikaonyesha swali la kwanza, kisha jibu moja moja kutoka kila modyuleta, kama wanafunzi wanaoitwa majina. Tukanywa chai na migebuka ya kukaanga mpaka saa ikapita dakika ishirini, na picha ikawa bado inatembea.

Tatizo la pili lililokuwa limejificha

Simu zilipungua sana, hazikuisha. Safari hii wateja hawakusema inaganda. Walisema “inavunjika viboksi”, na ni usiku tu, kati ya saa mbili na saa nne. Kwa wiki tatu malalamiko haya yalikuwa yameandikwa kwenye daftari pamoja na yale mengine, kama ugonjwa mmoja.

Sasa nikarudi kwenye seva, ila saa tatu usiku. Mchana muda wa pakiti kwenda Dar na kurudi ulikuwa kama milisekunde 38. Usiku ule ulipanda hadi 90 na zaidi, na kihesabu cha SRT cha pakiti zilizotupwa kwa kuchelewa kilikuwa kinapanda kila nilipokitazama.

SRT hushikilia pakiti kwa muda uliopangwa kabla ya kuitoa, ili iliyopotea iombwe na ifike. Muda huo ndio unaoitwa letensi kwenye mipangilio, na usipouweka wewe unakuwa milisekunde 120. Kwa safari ya 38, milisekunde 120 zinatoa nafasi ya majaribio kama matatu. Kwa safari ya 90 ni jaribio moja, na nalo likipotea hakuna la pili. Wazoefu wengi hushauri letensi isipungue mara tatu au nne ya safari ya kwenda na kurudi. Mipangilio ile ilikuwa haijaguswa tangu siku ya kwanza.

Mtu anaweza kuuliza, pakiti moja inafanya nini? Pakiti ya mkondo wa video ina baiti 188, na saba hupakiwa kwenye UDP moja, jumla baiti 1,316. Chaneli ya megabiti 4 inatoa UDP kama 380 kila sekunde. Ikipotea moja tu katika elfu, ni pigo moja karibu kila sekunde tatu, na pigo linaweza kuchafua picha mpaka fremu kamili inayofuata. Mteja hawezi kutazama mpira namna hiyo.

Nikaweka letensi ya milisekunde 500 upande wetu. Hatukuhitaji kumwomba muuzaji abadilishe kwake, maana pande mbili za SRT zinapokutana huchukua thamani iliyo kubwa. Picha sasa inachelewa nusu sekunde hivi, na hakuna mteja aliyelalamikia hilo. Kihesabu cha zilizochelewa kikakaa kwenye sifuri usiku ule, na kwa usiku nyingi zilizofuata kilikuwa sifuri au tarakimu moja.

Matokeo

Taa kumi na sita tulizitupa. Mahali pake tuliweka vipimo vya sehemu tatu. Kwenye lango la SRT tunapima muda wa safari, pakiti zilizoombwa upya na zilizotupwa. Baada ya seva tunapima kasi ya kila chaneli na kihesabu cha mfululizo, ile namba ya 0 hadi 15 iliyomo kwenye kila kipande cha baiti 188, ambayo ikiruka unajua kuna kilichopotea. Kwenye tundu la modyuleta tunapima vilevile, kwa kompyuta kuukuu iliyokuwa stoo. Kila kumbukumbu sasa inaandikwa kwa saa ya Afrika Mashariki.

Usiku wa kwanza mfumo ulimtumia fundi ujumbe zaidi ya mia tatu, kwa sababu nilipanga utume kila kosa moja. Akazima simu. Kosa ni langu. Sasa unatuma makosa yakizidi matano ndani ya dakika moja, na haurudii mpaka nusu saa ipite.

Wiki tano baadaye umeme ulikatika, UPS (betri ya dharura) ikadumu dakika mbili, mitambo ikawaka upya. Jioni kinyozi akapiga simu: “Imeanza tena, dakika zilezile.” Mipangilio ya mwulizaji ilikuwa haijahifadhiwa kwenye swichi, tuliiandika, ikafanya kazi, tukasahau kuihifadhi. Safari hii fundi hakumpigia mtu wa faiba. Alilimaliza tatizo kabla ya taarifa ya habari.

Uchambuzi

Nikiangalia nyuma, kilichogharimu wiki mbili ni kutopima mahali video inapoingia. Dakika kumi za kutazama picha kwenye seva zingetosha kuonyesha kwamba mkondo unafika mzima na unaharibika ndani ya chumba chetu wenyewe. Badala yake pande tatu zilipima kila moja kwake, na zote zilisema kweli.

Kubadilisha vitu viwili siku moja kulifanya fundi awe na mshukiwa wa bure. Sidhani ningefanya tofauti nikiwa mahali pake. Chaneli nne mpya ndizo zilizokuwa midomoni mwa watu, na swichi ilikuwa kitu kizuri kipya ambacho Mzee alikinunua kwa fedha nyingi. Nani angeanza kuishuku?

Karatasi ya kinyozi ingetatua jambo siku ya kwanza kama daftari la kaunta lingekuwa na safu ya saa na safu ya namna picha inavyoharibika. Sasa linazo. Dada wa kaunta huuliza, “Inaganda au inavunjika?” kabla ya kuuliza jina, na swali hilo moja hutenganisha tatizo la ndani na la njiani mara nyingi kuliko mfumo wangu.

Uamuzi wa kuzima usikilizaji kwa usiku mmoja wapo wanaoupinga, wakisema tulirudisha shida ya zamani. Naona ulikuwa sawa, kwa sababu tulijua gharama yake na tuliupa mwisho.

Vipimo vipya navyo viliwahi kutudanganya. Siku moja chaneli ya tamthilia iliganda huko Dar, kwenye chanzo, karibu saa nzima. Pakiti zilikuja kamili, mfululizo haukuruka, kasi ilikuwa ileile, na sisi tulikuwa kijani tukitangaza uso mmoja wa mwigizaji mdomo wazi. Tangu hapo seva huchukua fremu kila sekunde kumi na kuilinganisha na iliyotangulia. Zikifanana nusu dakika, inapiga kelele. Chaneli moja ya dini inayoonyesha picha moja ya bustani siku nzima tumelazimika kuiondoa kwenye kipimo hicho.

Seva ya kupokea bado ni moja, na laini ya kwenda Dar bado ni moja. Nilimwandikia Mzee gharama ya laini ya pili. Aliisoma mpaka chini, akaikunja, akasema ataanza na betri za UPS.